Kipimo Chenye Ukubwa wa Sifuri

Gimli, Manitoba
4 Machi 1990

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye Mto Loon, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama yuko kwenye kiwanda cha samaki kila siku isipokuwa Jumapili. Bibi anasema magoti yake yanajua habari za theluji kabla ya redio, na kwamba ukirudi mwembamba hatakufungulia mlango.

Mwalimu Halvorson amekubali mradi wangu. Wavuvi wanapotoboa barafu ya ziwa, kila mmoja ataniletea unene alioupata, na programu yangu ya kompyuta itasema ni wapi gari lisipite. Mvuvi asipoleta kipimo chake, programu itachukua kipimo cha jirani yake kama akiba. Wazo hilo nimeliiga kwako, kwa sababu uliniambia milango ya bwawa huko kambini itafanya vivyo hivyo.

Natumia kompaila yako. Wavulana darasani wanasema programu ya kutafsiri programu hununuliwa dukani, haiandikwi na baba wa mtu jikoni kwake. Nikawajibu kwamba hiyo hiyo ndiyo itakayoendesha milango ya bwawa kubwa. Einar akauliza kama bwawa lina bima. Darasa zima likacheka, nami nikacheka kidogo.

Picha uliyotuma tumeibandika ukutani. Mabanda mnayolala yako chini ya bwawa, karibu kabisa na mto. Kwa nini hawakuyajenga juu kwenye mwamba?

Mwanao,
Disa

Kambi ya Mto Loon
15 Machi 1990

Mwanangu Disa,

Hujambo? Mimi sijambo, na kikohozi kimehamia kwa mpishi. Msalimie Mama, na mwambie Bibi kwamba hapa tunalishwa kama nguruwe wa maonyesho.

Mabanda yako chini kwa sababu juu kuna upepo unaoondoa masikio. Msimamizi wetu, Bwana Beaudry, anasema ukilala juu utaamka kabla hujafa, na ukilala chini utakufa kabla hujaamka, na yeye anapenda usingizi. Huo ndio mzaha wa huku.

Lakini wewe huulizi kwa mzaha, kwa hiyo nakujibu sawasawa. Barafu inapovunjika majira ya kuchipua, maji hupanda haraka. Milango isipofunguliwa kwa wakati, maji yatapita juu ya tuta la udongo lililo ubavuni, na tuta likishalowa kileleni halidumu. Ndiyo maana kuna vipimo viwili vya kina cha maji. Cha kwanza kiko majini. Barafu ikikivunja, programu inachukua cha akiba, kilicho ndani ya ukuta. Kuanzia mwezi wa Mei mashine itashika zamu, na walinzi wa milango watarudi makwao kwa ndege. Nami nalala papo hapo chini, kwa hiyo amini kwamba niliandika kwa uangalifu.

Baba yako

Gimli
25 Machi 1990

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Wewe je? Mpishi amepona?

Nina aibu kukuandikia haya. Jumanne Mjomba Bjarki hakuleta kipimo chake cha kule kwenye miamba, kwa hiyo programu ilipaswa kuchukua cha jirani, ambacho kilionyesha barafu nyembamba. Haikukichukua. Ilibaki na namba ya wiki iliyopita, ikaandika kwa utulivu kwamba barafu ni nene. Mjomba alikuwa ameshawasha gari. Akashuka kwa sababu tu aliona maji meusi mbele ya taa. Alikuja nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti, akaniambia, "Disa, kama ni gari langu unalolitaka, ungeniomba tu."

Mama hakucheka. Tangu siku hiyo ninaposikia injini ziwani nasimama dirishani mpaka inyamaze.

Nimesoma programu yangu mstari kwa mstari na sioni kosa. Kompaila haikulalamika hata neno moja. Tafadhali niambie nimekosea wapi.

Mwanao,
Disa

Kambi ya Mto Loon
5 Aprili 1990

Mwanangu Disa,

Hujambo? Mshukuru Mungu kwa macho ya mjomba wako, kisha uache kusimama dirishani. Mwambie Mama kwamba nami niliwahi kuandika programu iliyomlipa karani mmoja mshahara wa kijiji kizima, na leo bado naitwa mhandisi.

Kosa ni lako, mama, kama yangu yalivyokuwa yangu. Nadhani hujaelewa jinsi kompaila inavyotambua kwamba vitu viwili ni aina moja. Fikiria posta yetu hapo Gimli. Unapotaja kwa mara ya kwanza muundo uitwao "kipimo" bila kueleza una nini ndani, kompaila haikatai. Inafungua sanduku lenye jina hilo, tupu. Muundo bado haujakamilika, lakini mtu yeyote anaweza kulielekezea kidole sanduku hilo. Baadaye ukieleza kwamba kipimo kina unene, mahali na tarehe, sanduku linajazwa, na wote walioelekeza tangu mwanzo wanayaona yaliyomo. Hailinganishi yaliyomo. Masanduku mawili yenye vitu sawasawa lakini majina mbalimbali ni aina mbili, na haina haja ya kuchungulia ndani. Inauliza jambo moja tu: je, ni sanduku lile lile?

Bila shaka umetaja jina moja mahali pawili ukapata masanduku mawili. Tafuta hapo. Fanya kama mwalimu wako anavyosema, punguza mpaka libaki kosa peke yake.

Huku jua limeanza kuuma theluji. Walinzi wanafungasha mizigo taratibu, na Beaudry ananiita Profesa. Anauliza kama mashine yangu itajua kulalamika juu ya supu, maana walinzi ni mabingwa wa hilo.

Baba yako

Gimli
14 Aprili 1990

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Bibi ameoka keki ya plamu ya Pasaka, na kipande chako kiko kwenye friji ya kugandisha kikiwa na jina lako.

Nimepunguza kama ulivyosema. Niliondoa wavuvi wote, kisha ziwa, kisha tarehe. Imebaki mistari minne tu, na kosa bado liko. Mstari wa kwanza unataja kipimo bila kukieleza. Wa pili unasema kuna kipimo cha akiba, ambacho ni kipimo kile kile ila hakiruhusiwi kubadilishwa. Wa tatu ndio unaoeleza kipimo kina nini ndani. Wa nne unachukua cha akiba na kukinakili juu ya cha kwanza.

Hakuna kinachonakiliwa. Namba ya zamani inabaki.

Halafu, Baba, nikabadilishanisha nafasi za mstari wa pili na wa tatu, yaani nikaeleza kwanza kisha nikakataza. Ikafanya kazi. Nikarudisha, ikakataa. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka Mama akaniondoa kwenye kiti. Jina nimelitaja mahali pamoja tu. Sanduku ni moja, naapa.

Mwisho niliiuliza kompaila yenyewe: kipimo kina ukubwa gani? Ikanijibu vizuri. Na kile kisichobadilishwa? Ikajibu sifuri. Lakini ilipoulizwa kama hivyo viwili ni aina moja, ilisema ndiyo.

Sitaki kusema kwamba kosa si langu. Nasema tu kwamba nimetafuta kila mahali pangu na pamekwisha.

Mwanao,
Disa

Kambi ya Mto Loon
24 Aprili 1990

Disa,

Nimepata barua yako. Nimeijaribu mistari yako hapa. Ni sifuri.

Usiitumie programu kwa wavuvi tena. Waambie wapime wenyewe. Soma masomo yako mengine sasa, usihangaike na hili.

Baba

Gimli
29 Aprili 1990

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, haikumuulizia Bibi wala Mama. Hujawahi kufanya hivyo hata ulipokuwa na homa. Mama aliisoma amesimama, akaniuliza sifuri ni nini, nikamwambia ni mambo ya mashine. Sikupenda kumwambia hivyo.

Nimefikiri na nadhani nimeelewa. Unapotaja kipimo kisichobadilishwa, kompaila inatengeneza sanduku la pili, nakala ya lile la kwanza, na kulibandika alama ya marufuku. Kama lile la kwanza limeshajaa, nakala nayo imejaa. Kama bado ni tupu, nakala inazaliwa tupu. Halafu maelezo yanapokuja yanajaza la kwanza tu, na hakuna anayekumbuka la pili. Likiulizwa jina linajibu sawasawa, kwa hiyo linapita kila mlango. Likiulizwa ukubwa linasema sifuri. Na kunakili kitu chenye ukubwa wa sifuri ni kutofanya kitu chochote, bila kelele.

Kama nimekosea, nicheke. Nitafurahi sana ukinicheka.

Lakini Baba, programu yangu niliiga kwako. Je, katika programu ya milango, ulitaja kipimo cha akiba kabla ya kueleza kipimo? Na walinzi wameshaondoka?

Mwanao,
Disa

Kambi ya Mto Loon
6 Mei 1990

Mwanangu Disa,

Hujambo? Mama hajambo? Bibi na magoti yake je? Umenikumbusha adabu.

Sikucheki. Ni kama ulivyosema, neno kwa neno. Na jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, na la pili pia ni ndiyo. Majaribio yote ya majira ya baridi yalipita kwa sababu kipimo cha majini kilikuwa kizima, na cha akiba hakikuwahi kuhitajika. Barafu itakapokivunja, programu itanakili kitu kitupu, na skrini itaendelea kuonyesha kina cha mwisho kana kwamba mto umesimama. Milango itabaki imefungwa, na sisi tuko chini.

Kwa siku kadhaa sikumwambia mtu. Nilirekebisha kompaila kwanza, nikijidanganya kwamba nikishaitengeneza hakutakuwa na la kusema. Lakini programu ya milango imeshachomwa ndani ya chipu, kile kipande cha mashine ambacho kikishaandikwa hakifutiki, na mashine ya kuandikia chipu mpya iko Winnipeg. Ndege haiwezi kutua, kiwanja kimekuwa uji.

Basi nilimwendea Beaudry wakati anakula. Nilimweleza habari za masanduku kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu chake kwenye mkate, akasema, "Profesa, unaniambia kwamba siku nitakayoihitaji mashine yako, itanitazama usoni na kunisomea gazeti la jana."

Nikasema ndiyo.

"Na itaonekana inafanya kazi."

Nikasema ndiyo.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tulipiga simu ya redio ofisini kwa wenye bwawa. Mtu mmoja pale alituambia kwamba majaribio yote yalikuwa safi, kwamba waziri amealikwa kuja kuona mashine, na tusiizime kwa ajili ya hofu za kinadharia. Beaudry akamwambia hataizima. Alipoweka simu chini akaniambia, hataizima, lakini hataiamini.

Sasa kila saa mtu mmoja anakwenda ukingoni kusoma mistari ya rangi iliyochorwa ukutani kwa macho yake, na kuilinganisha na skrini. Tuko wachache: mafundi wawili wa injini, mpishi na kijana wake, Beaudry, na mimi. Milango inaweza kuzungushwa kwa mkono, ila ni kazi ya watu wengi kuliko sisi. Beaudry anataka vitanda vihamishiwe kwenye ghala juu ya mwamba. Wengine wanasema ni baridi mno huko, wanangoja kwanza waone.

Barua hii inaondoka na helikopta ya wapima misitu, ambayo ilipita kwa bahati. Mwambie Mama ukweli. Umwambie wewe, kwa sababu utamweleza vizuri kuliko mimi.

Baba yako

Gimli
13 Mei 1990

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijui barua hii itakufikaje, lakini Bwana Olafson wa posta amesema ataiweka juu kabisa ya gunia.

Nilimwambia Mama. Nilitumia mitungi miwili ya jemu, mmoja umejaa na mwingine mtupu, yote ina karatasi yenye jina moja. Alielewa mara moja. Akauliza, "Kwa hiyo wao wanasoma karatasi tu?" Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Redio imesema barafu ya mito ya kaskazini inavunjika mapema mwaka huu. Haikutaja Loon. Tumepiga simu kambini, sauti ya mashine inasema laini haipatikani. Mama alipiga simu kwa wenye bwawa, msichana mmoja mpole akasema mitambo inaonyesha kina cha kawaida na hakijabadilika tangu juzi.

Baba, alisema hakijabadilika. Alidhani anatufariji.

Nilichukua simu mikononi mwa Mama nikamwambia yule msichana kwamba mto hauwezi kutobadilika mwezi wa Mei. Akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia kumi na sita. Akasema atapeleka ujumbe.

Tafadhali lala kwenye mwamba. Hata kama wengine wanangoja kuona, wewe usingoje.

Mwanao,
Disa

Gimli
18 Mei 1990

Baba,

Shikamoo. Hakuna barua, na posta wanasema gunia langu bado liko uwanja wa ndege wa Thompson.

Leo redio imetaja Loon. Imesema maji mengi, na kwamba hakuna habari kutoka kambini. Mjomba Bjarki amekuja kukaa nasi, ameegesha gari mbele ya mlango likiangalia barabara. Bibi anafuma soksi yako ya tatu. Mama amesema niandike tu, kwa sababu mtu huwaandikia walio hai.

Kwa hiyo naandika. Shule ni nzuri. Einar ameomba radhi, sikumwomba afanye hivyo. Nimeijaribu ile mistari minne tena, sijui kwa nini. Labda nilitaka ibadilike yenyewe.

Mwanao anayekungoja,
Disa

Kambi ya Mto Loon, juu ya mwamba
22 Mei 1990

Mwanangu Disa,

Hujambo? Mama hajambo? Bibi? Baba yako anazungumza na mimi Beaudry naandika, kwa sababu mkono wake wa kulia umefungwa bendeji kama mkate wa Krismasi. Yu hai. Nimeliweka hilo mwanzoni ingawa yeye alitaka kuanza na magoti ya bibi yako.

Sasa anaongea. Anasema barafu ilivunjika mchana kweupe, wakati wa chakula. Bamba moja kubwa kama kanisa liling'oa kipimo cha majini. Skrini haikutikisika. Tulisimama mbele yake tukiona namba ile ile, na kule ukutani mistari ya rangi inazama mmoja baada ya mwingine. Anasema hajawahi kuona kitu cha kutisha kama ile namba iliyotulia. Mimi naongeza: nilikuwa jeshini, na asemalo ni kweli.

Tulizungusha milango kwa mkono, sote, na mpishi akiwa na aproni. Wa kwanza ulifunguka. Wa pili ulifunguka. Wa tatu mnyororo wake ulikwama kwa barafu, na baba yako akaingiza mkono kuukwamua. Vidole viwili vimevunjika, vitaunga. Maji yalilowesha kilele cha tuta kabla hayajaanza kushuka. Tulipofungua, mto ulipita chini na kuchukua mabanda mawili ya ukingoni, likiwamo lake. Kitanda chake sasa kiko njiani kwenda Ghuba ya Hudson. Hakikuwa na mtu. Bila maneno yake pale mezani tungeiamini skrini mpaka tuta lianguke na maji yatukute vitandani, na maneno yake yalitoka kwako. Hiyo ni sentensi yangu. Yeye anatikisa kichwa nisiiandike.

Anasema hivi: kompaila haina nakala tena. Kilichokatazwa kubadilishwa hakipewi sanduku lake, kinapewa kibandiko tu, na nyuma ya kibandiko kuna kidole kinachoelekeza kwenye sanduku lile moja. Likijazwa, limejazwa kwa wote. Na ukijaribu kunakili kitu ambacho bado hakijaelezwa, inasimama na kukataa kwa sauti. Anasema kwa sauti, mara mbili. Mimi nimeandika mara moja.

Anasema kuna wengine wanne walionunua kompaila hii. Mmoja ana kiwanda cha karatasi, mmoja ana lifti za hospitali, wawili hajui wanaitumia kwa kazi gani, na hao ndio wanaomtisha zaidi. Ofisi imemwomba angoje mpaka wanasheria waseme. Hatangoja. Barua nne zitatoka leo na gunia hili, kwa mwandiko wangu, na jina lake chini. Mistari yako minne imo katika kila moja, ili wajaribu wenyewe na waone sifuri kwa macho yao. Ameniamuru niandike ni nani aliyeipata. Nimeandika jina lako kamili: Thordis Ketilsdottir, Gimli.

Nilimuuliza amalizeje. Sasa naona amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Hajalala vizuri tangu mwezi wa Aprili, sitamwamsha kwa ajili ya sahihi. Nimemsikia akiitamka mara nyingi, kwa hiyo naiweka mimi.

Baba yako